UZI: Kurusha viumbe kama silaha ya papo kwa papo kwenye D&D (Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika kwa dadu) – kanuni, hesabu na mitego yake

#1 – FundiDadu (Mwanza, Pasiansi)

Wakuu, mwangaluka.

Suala hili linarudi kila wiki kwenye meza za hapa Mwanza: mchezaji mwenye mhusika mwenye misuli anamkaba goblini (kiumbe mdogo adui wa mchezoni), kisha anasema "namrusha kwa mwenzake". Msimamizi anakuna kichwa, anatoa uamuzi wa haraka, wiki ijayo anatoa mwingine tofauti, ugomvi unaanza. Tuliweke sawa hapa, kwa kanuni zilizoandikwa kwanza, halafu tujaze pengo lililobaki.

Vipimo: mraba mmoja ni futi 5, yaani mita 1.5. Nitatumia mita. Msimamizi ni yule anayeendesha mchezo. Kinga ni ile namba ya kufikia ili umpige mtu. Kujinusuru ni dadu anayotupa anayeshambuliwa ili aepuke madhara.

Kitabu cha wachezaji cha 2014 kinasema hivi kuhusu silaha ya papo kwa papo: kitu chochote unachoweza kukishika kwa mkono mmoja au miwili, na katika mifano yake kimo goblini aliyekufa. Madhara ni 1d4 (dadu moja ya pande 4; vivyo hivyo 2d6 ni dadu mbili za pande 6), aina anachagua msimamizi. Ukikirusha, umbali wa kawaida ni mita 6 na wa mwisho ni mita 18 (ukipita mita 6 unatupa dadu mbili za pande 20 na kuchukua ndogo). Kama kitu kinafanana na silaha halisi, kihesabu kama silaha hiyo. Toleo la 2024 limeacha 1d4 na mita 6/18 vilevile.

Kuhusu kiumbe HAI kitabu hakijaandika neno. Hapo ndipo pengo lilipo. Anayesema "kitabu kinaruhusu" kwa sababu ya ule mfano wa goblini anasahau kwamba yule ni maiti. Maiti haishiki mlango, haijikunji, haimng'ati anayeirusha.

Msimamo wangu wa kuanzia: kumrusha mtu ni maswali matatu, na yasichanganywe kwenye dadu moja. Unaweza kumshika? Anatua wapi? Nani anaumia? Karibuni.

#2 – MkabajiKirumba

Nianze na la kwanza, maana ndilo linalorukwa zaidi.

Kumshika kiumbe hai ni kumkaba, na kukaba kuna kanuni kamili. Kwa 2014: unatoa shambulio moja kati ya mashambulio ya zamu yako, unatupa dadu ya Nguvu kwa ustadi wa Riadha, yeye anajibu kwa Riadha au Sarakasi, anachagua mwenyewe. Kwa 2024 wamerahisisha: yeye ndiye anayejinusuru kwa Nguvu au Wepesi, ugumu (namba anayotakiwa kufikia) ni 8 + nyongeza yako ya Nguvu + nyongeza ya umahiri, ile inayopanda na uzoefu wa mhusika. Matoleo yote mawili: uwe na mkono mtupu, na asiwe amekuzidi zaidi ya daraja moja la ukubwa (Kidogo Sana, Kidogo, Wastani, Mkubwa, na kuendelea).

Sasa uzito. Uwezo wa kubeba ni alama ya Nguvu mara pauni 15, sawa na kilo 6.8 kwa kila alama. Kuinua au kuburuta ni mara mbili ya hapo, lakini ukishavuka uwezo wa kubeba kasi yako inashuka hadi mita 1.5 kwa zamu. Kwa hiyo mpaka wa kurusha uwe uwezo wa kubeba. Huwezi kumrusha mtu ambaye ukimwinua tu miguu yako inakwama.

Mtego: watu wanapima uzito wa anayerushwa na kusahau mzigo wao wenyewe. Mwenye Nguvu 16 anabeba kilo 109. Toa deraya ya minyororo kilo 25, toa silaha, kamba, chakula na taa kilo 10. Zimebaki 74. Binadamu wa kilo 75 aliyevaa deraya ya ngozi (kilo 4.5) hatupiki. Mbilikimo wa jamii ya halfling ana wastani wa pauni 40, kilo 18. Huyo anakwenda bila shida, hata akiwa na mkoba wake.

Lazima pia tuseme mikono mingapi. Kukaba ni mkono mmoja. Kurusha mtu wa ukubwa sawa na wako nadai mikono miwili, ngao chini. Aliye mdogo kwa daraja moja au zaidi, mkono mmoja unatosha.

#3 – KijanaNyegezi

Mkuu FundiDadu, na huo umbali wa mita 6 si mdogo? Shujaa wa Nguvu 20 anarusha mita 6 tu?

#4 – FundiDadu

Si mdogo kabisa. Tufe la wanaume lina kilo 7.26, na rekodi ya dunia ya Ryan Crouser ya 2023 ni mita 23.56. Hilo ni tufe la chuma, dogo, lililonyamaza mkononi, na aliyelirusha hana mwenzake duniani. Halfling ana uzito wa matufe mawili na nusu, ana mikono inayoshika nywele zako, na unamrusha katikati ya vita. Mita 6 ni ukarimu mkubwa. Mita 18 ni za mguu wa meza.

Napendekeza umbali hivi. Aliye mdogo kwa daraja mbili au zaidi: 6/18 kama kitabu. Aliye mdogo kwa daraja moja: miraba sawa na nyongeza yako ya Nguvu, basi, hakuna umbali wa mwisho. Mwenye Nguvu 18 ana nyongeza ya 4, miraba minne, mita 6 zilezile za kitabu. Wa ukubwa sawa: nusu ya nyongeza, shusha chini. Nguvu 18 anapata miraba miwili, Nguvu 14 anapata mmoja. Aliyekuzidi ukubwa: unaweza kumkaba, kumrusha hapana.

#5 – HesabuZaMeza (Buzuruga)

Naomba nikae kwenye madhara, maana hapa ndipo mezani pananuka.

Watu hawajui kwamba kanuni rasmi za kurusha viumbe ZIPO, ila zimefichwa kwenye kurasa za mazimwi. Fungueni SRD 5.1, ile hati ya bure ya kanuni za D&D iliyowekwa chini ya leseni huria ya Creative Commons mwezi Januari 2023. Someni Kraken (zimwi kubwa la baharini), sehemu ya kutupa aliyekamatwa: kiumbe Kikubwa au mdogo zaidi anatupwa hadi mita 18 uelekeo wa kubahatisha na anaanguka chini. Akigonga sehemu ngumu anapata 1d6 ya kugonga kwa kila mita 3 alizotupwa. Akitupwa kwa kiumbe mwingine, huyo wa pili anajinusuru kwa Wepesi, ugumu 18, akishindwa anapata madhara yaleyale na anaanguka. Zimwi la hewa nalo lina kimbunga cha aina hiyo: mita 6, ugumu 13, 1d6 kwa mita 3.

Kwa hiyo tuna mitindo miwili. Wa silaha: dadu ya shambulio dhidi ya kinga, 1d4 + Nguvu. Wa Kraken: kujinusuru, 1d6 kwa kila mita 3. Tuipime yote kwa mhusika mmoja: daraja la 5 la uzoefu, Nguvu 18, umahiri +3, mashambulio mawili kwa zamu, dhidi ya goblini wa 2014 (kinga 15, uhai 7, Wepesi +2). Nimeacha mapigo ya kipekee ya 20 ili hesabu iwe safi.

Upanga mkubwa: anapiga kwa 8 kwenda juu, asilimia 65, wastani wa madhara 11. Mashambulio mawili ni 14.3 kwa zamu, moja ni 7.15.

Mtindo wa silaha: shambulio la kwanza kukaba, ugumu 15, goblini anahitaji 13, kwa hiyo unafanikiwa asilimia 60. Shambulio la pili kurusha. Akiwa na kipaji cha 2024 cha mpiganaji wa baa (Tavern Brawler), umahiri unaingia, asilimia 65. Bila hicho ni asilimia 50. Wastani wa 1d4+4 ni 6.5. Jumla: 0.6 × 0.65 × 6.5 = 2.5. Yaani chini ya moja ya tano ya upanga. Kwa mhusika asiye na kipaji ni 1.95. Mchezaji anajaribu mara moja, harudii tena, na mchezo umepoteza kitu kizuri.

Mtindo wa Kraken, mita 6, 2d6, wastani 7. Aliyerushwa anapata 7, aliyegongwa anashindwa kujinusuru asilimia 60, anapata 7. Kwa mrusho uliokwisha kushika: 7 + 4.2 = 11.2. Kuanzia mwanzo: 0.6 × 11.2 = 6.72.

Sasa tazameni mtego. Ukimkaba zamu hii, zamu ijayo shambulio MOJA la kurusha linatoa 11.2 dhidi ya 7.15 za upanga, na zile 7 za kwanza hazina dadu yoyote ya kukwepa. Mwenye mashambulio mawili anarusha kwa moja na kupiga upanga kwa la pili. Hapo ndipo wasimamizi wanapokasirika na kupiga marufuku kila kitu.

Dawa: anayerushwa ajinusuru MARA YA PILI wakati wa kurushwa, Nguvu au Wepesi, ugumu uleule wa kukaba. Akifanikiwa, bado amekabwa ila hajaenda popote na shambulio limepotea. Hesabu inakuwa 0.6 × 11.2 = 6.72 kwa shambulio, chini kidogo ya upanga, lakini imegawanywa kwa watu wawili na wote wanalala chini. Hiyo ndiyo bei ya haki. Jaribio la pili lisiondolewe kwa kisingizio cha kuharakisha mchezo.

#6 – KijanaNyegezi

Dada Hesabu, kwa nini wote wawili wapate madhara kamili? Kitabu cha Tasha kinagawa.

#7 – HesabuZaMeza

Kweli kinagawa. Tasha's Cauldron of Everything, 2020: kiumbe akiangukia nafasi ya mwingine, na hakuna kati yao aliye Kidogo Sana, wa chini anajinusuru kwa Wepesi ugumu 15. Akishindwa, madhara ya kuanguka yanagawanywa sawa kati yao, na wa chini analala isipokuwa amemzidi anayeanguka kwa daraja mbili.

Hiyo ni kanuni ya KUANGUKA, na inafaa pale ambapo hakuna aliyetoa shambulio kwa makusudi. Madhara yale yangempata anayeanguka hata bila mtu wa chini, kwa hiyo wa chini anampunguzia. Kwenye kurusha umelipa mashambulio mawili na majaribio mawili. Ukigawa, 7 inakuwa 3 na 3 (kitabu kinashusha nusu), na tumerudi kwenye kitu ambacho hakuna atakayekitumia.

Ila ukimdondosha mtu kutoka juu wima, tumia Tasha. Usimpe 1d6 za umbali wa kurushwa na 1d6 za kimo kwa pamoja. Chagua kubwa kati ya hizo mbili.

#8 – MiambaYaCapri

Nimesoma hesabu zote na nakubaliana nazo, lakini naona mnabishania sehemu ndogo. Thamani ya kurusha haimo kwenye madhara. Imo kwenye MAHALI anapotua.

Chukueni ramani ya vita juu ya miamba kama ya hapa kwetu, mawe yaliyopandana. Kila tabaka lipe mita 3. Tabaka nne ni mita 12, kuanguka ni 4d6, wastani 14, na anatua amelala. Goblini wa uhai 7 amekwisha karibu kila mara. Hata mwenye uhai 30 amepoteza nusu yake pamoja na zamu mbili tatu za kupanda kurudi.

Swali la kweli mezani ni hili: nimrushe, nimsukume, au nimburute? Jibu linategemea miraba mingapi iko kati yake na ukingo. Kwa mhusika yuleyule wa dada Hesabu, kila jaribio asilimia 60:

Ukingo ukiwa mraba mmoja nyuma yake: msukume. Kusukuma ni shambulio moja, mita 1.5, na una nafasi mbili. Uwezekano wa angalau moja kufaulu ni 1 − 0.4 × 0.4, asilimia 84. Kukaba na kurusha ni asilimia 36. Anayerusha hapa anajipunja.

Ukingo ukiwa wa pili: kusukuma mara mbili lazima kote kufaulu, asilimia 36, na katikati lazima usogee mbele. Kurusha nako asilimia 36. Ni sawa, isipokuwa kurusha hakukuleti ukingoni.

Miraba mitatu au minne: kusukuma kumekufa kwa zamu moja. Kukaba kisha kuburuta kwa nusu ya kasi (mita 4.5) kunafika miraba mitatu, halafu unasukuma, asilimia 36 tena, lakini umesimama ukingoni wewe mwenyewe na umepita mbele ya maadui wenye haki ya kukupiga ukiwa unapita. Kurusha hakuna hatari hiyo. Hapa ndipo kanuni hii inapata kazi yake.

Kwa hiyo, wasimamizi: mkichora uwanja tambarare usio na shimo, moto, maji wala ukingo, msishangae hakuna anayerusha mtu. Wekeni hatari umbali wa miraba mitatu mpaka minne kutoka mahali watu wanapokutana.

#9 – FundiDadu

Hii ya miraba naiweka kwenye karatasi ya kanuni kama ilivyo. Tuongeze tu: mlengwa wa kurushwa anaweza kuwa MRABA mtupu badala ya kiumbe. Jaribio ni lile la pili la anayerushwa, hakuna dadu nyingine. Akitua kwenye ardhi ngumu bila kugonga mtu wala ukuta, je, anapata 1d6 kwa mita 3? Zimwi la hewa linataja hata sakafu. Mimi nasema anapata, ila akifaulu Sarakasi ugumu 10 anapata nusu na anabaki amesimama.

#10 – MvuviWaUsiku (Ukerewe)

Na majini je? Kampeni za huku kwetu nusu yake ni ziwani.

Nina mambo matatu ya kuuliza: kurusha mtu kutoka mtumbwini, mamba, na samaki mwenyewe kama silaha.

#11 – MiambaYaCapri

Mzee, hilo la mtumbwi ni zuri sana.

Kumtupa mtu majini ndiyo mahali laini zaidi pa kutua. Tasha anaruhusu anayeangukia maji kutumia tendo la kujibu (lile linalofanyika nje ya zamu yako), Riadha au Sarakasi ugumu 15, akifaulu madhara ni nusu. Kwa mrusho wa mlalo kutoka mtumbwini ningefuta madhara kabisa na kuacha adhabu ya mahali: sasa yuko majini, hana mguu pa kusimama, na mwenye deraya nzito ana kazi ya kurudi.

Lakini anayerusha naye analipa. Kumpeleka mtu wa kilo 18 mita 6 kunahitaji mwendo wa karibu mita 7.7 kwa sekunde kwa pembe ya nyuzi 45. Mtumbwi wenye kilo 300 pamoja na watu wake unarudi nyuma karibu theluthi moja ya mita kwa sekunde. Mtu aliyesimama anayumba. Kanuni: kila aliyesimama kwenye chombo kidogo anajinusuru kwa Wepesi ugumu 10 au analala chini, na anayerusha akipata 1 ya dadu anamfuata aliyemrusha. Kwenye boti kubwa au kivuko usitumie hii.

#12 – MkabajiKirumba

Mamba wa SRD ni Mkubwa, uhai 19, Nguvu 15. Mtu wa Wastani anaweza kumkaba kwa kuwa ni daraja moja juu, lakini kwa kanuni yetu hamrushi, na hata kwa uzito hapandi: Nguvu 20 inabeba kilo 136, mamba dume mkubwa wa ziwani anazidi mara mbili au tatu. Kinachowezekana ni kinyume chake, kumrusha adui KWA mamba. Usimpe mamba ung'ato wa bure. Anasubiri zamu yake, anang'ata kwa 1d10+2, na aliyeng'atwa amekabwa, ugumu wa kujinasua 12. Mchezaji akitaka faida kamili, amrushe adui muda mfupi kabla ya zamu ya mamba. Mpangilio wa zamu ndio unaofanya kazi.

Samaki ni rahisi. Aliyekufa ni kitu, kanuni ya silaha ya papo kwa papo inatosha: 1d4 ya kugonga. Sangara wa kilo 10 ukimshika mkiani kwa mikono miwili anafanana vya kutosha na rungu kubwa, mpe 1d8. Wanaofika kilo 100 na zaidi wapo, lakini hao ni mzigo wa watu. Kambale ana miiba kwenye mapezi ya kifuani, msimamizi aweke madhara ya kuchoma badala ya kugonga. Kamongo akiwa hai ndiye wa kuogopa, ana ung'ato mkali na nje ya maji hafi upesi kama sangara, kwa hiyo ukimrusha mtumbwini mwa adui umeweka kiumbe kipya kwenye mpangilio wa zamu.

Sato na dagaa tuwaachie soko la samaki la Mwaloni.

#13 – MchezaNyoka

Nimesubiri mfike kwa wadogo. Usukumani tuna Bayeye, wachezaji ngoma wanaojua nyoka, na wahusika wa aina hiyo mezani ni wengi. Kila mmoja anataka kurusha nyoka mwenye sumu.

Nyoka wa SRD 5.1 ni Kidogo Sana, kinga 13, uhai 2. Ung'ato: 1 ya kuchoma, kisha kujinusuru kwa Ustahimilivu ugumu 10, 2d4 za sumu au nusu. Kosa la kwanza linalofanyika ni kuunganisha mrusho na ung'ato: "nimempiga, kwa hiyo amemng'ata". Hapana. Mrusho unamweka nyoka kwenye mraba wa adui. Kung'ata ni tendo la nyoka, kwa zamu ya nyoka, kwa dadu ya nyoka (+5). Kosa la pili ni kumpa nyoka madhara ya mita 3 kwa 1d6. Mwenye uhai 2 anafika maiti, na mchezaji amepoteza nyoka wake. Kwa walio Kidogo Sana nafuta madhara ya pande zote: mwili wa nusu kilo haumuumizi mtu wala hauumii sana. Tasha naye anawatoa kwenye hesabu.

Kosa la tatu: nyoka aliyerushwa hajui nani adui. Asipokuwa amefunzwa au kurogwa, anamng'ata aliye karibu zaidi au anakimbia. Msimamizi atupe dadu: 1–3 anakimbia, 4–6 anang'ata.

Makundi ya wadudu hayakabiki. SRD inayataja wazi kuwa hayashikiki. Kwa hiyo nyuki unarusha mzinga, si nyuki: kitu, dadu ya shambulio, 1d4, halafu kundi linatokea pale ulipopasukia na linashambulia kila anayeingia, pamoja na rafiki zako.

#14 – KijanaNyegezi

Na rafiki? Namrusha halfling wetu mgongoni kwa zimwi. Yeye mwenyewe anataka.

#15 – HesabuZaMeza

Hapo tahadhari kubwa zaidi, kwa sababu hakuna anayepinga, hakuna jaribio, na mchezaji anapata mwendo wa bure.

Kipimo kipo. Kitabu cha majitu cha 2023, Bigby Presents: Glory of the Giants, kina mpiganaji mwenye hasira wa njia ya majitu. Anapofika daraja la 10 anapata uwezo wa kumrusha kiumbe wa Wastani au mdogo zaidi, hadi mita 9, kwa tendo la ziada, na asiyetaka anajinusuru kwa Nguvu. Hiyo ni ya daraja la 10. Kanuni ya bure ya daraja la 1 isiwe bora kuliko hiyo. Kwa hiyo rafiki anagharimu: shambulio moja la anayerusha, NA tendo la kujibu la anayerushwa, umbali wa jedwali la FundiDadu. Akitua, Sarakasi ugumu 10, akishindwa analala chini na kupata 1d6 kwa kila mita 3. Hashambulii hewani. Anashambulia zamu yake ikifika.

Mtego mdogo: kanuni ya 2014 inasema anayesogezwa bila kutumia mwendo, tendo au tendo lake la kujibu hapigwi na adui anaowapita. Kwa kuwa sisi tumemdai tendo la kujibu, mjanja atasema sasa anapigwa. Andikeni wazi: tendo hilo ni la kujikunja na kutua, si la kusogea, kwa hiyo hapigwi njiani. Msipoandika, mtabishana katikati ya vita.

#16 – MkabajiKirumba

Kwa wasimamizi wanaotaka majitu yawarushe wachezaji: ukubwa ubadilishe umbali, madhara yaache. Jitu dogo la aina ya ogre (Mkubwa, Nguvu 19) kwa binadamu ni daraja moja juu, nyongeza 4, miraba minne. Jitu la mlimani ni daraja mbili juu, anapata 6/18. Jiwe lake ni 3d10+5 kwa mita 18/72, kwa hiyo kumrusha mchezaji ni chaguo dhaifu kwa madhara, na afanye hivyo tu pale anapotaka kumtoa mganga kwenye kundi. Na mchezaji apewe jaribio la pili kama goblini alivyopewa.

Wanaocheza Pathfinder toleo la pili (mchezo mwingine wa aina hii) hawahitaji haya yote. Mtawa wa daraja la 6 ana Whirling Throw: aliyekabwa anarushwa hadi mita 3 + mita 1.5 kwa kila nyongeza ya Nguvu, Riadha dhidi ya ugumu wa Ustahimilivu wake, madhara ni Nguvu + 1d6 kwa kila mita 3. Ukubwa unaleta ±2 au ±4. Ukifeli vibaya kabisa, anakuponyoka.

#17 – MgeniIgoma

Samahani wakuu, sina dadu za pande 20 wala vinyago. Naweza kujaribu hizi kanuni?

#18 – FundiDadu

Karibu sana, ndugu. Dadu moja ya ludo na vipande kumi vya karatasi vilivyoandikwa 1 hadi 10 kwenye kofia vinatosha. Chomoa karatasi, tupa ludo: ikija 1–3 soma namba kama ilivyo, ikija 4–6 ongeza 10. Hiyo ni 1–20 sawasawa, mradi karatasi inarudi kofiani kila mara. Kwa d4 tupa ludo, ikija 5 au 6 rudia.

Vinyago tumia vizibo vya soda. Kizibo kina upana wa zaidi ya sentimita 3, kwa hiyo chora miraba ya 3.5, si ile ya 2.5 ya vitabuni, la sivyo vinapandana na hutajua nani yuko ukingoni. Kiumbe Kidogo tumia kete ya bao. Mkubwa kata duara la boksi la sentimita 7, linakaa kwenye miraba minne.

#19 – MvuviWaUsiku

Swali la mwisho kabla hamjafunga karatasi. Aliyerushwa akimgonga mwenzake, wanatua mraba upi? Wawili hawawezi kumaliza zamu mraba mmoja.

#20 – FundiDadu

Aliyerushwa anatua mraba ulio wazi ulio karibu zaidi na aliyegongwa, UPANDE WA ANAYERUSHA. Hakuna mraba wazi upande huo, basi ubavuni. Kamwe asitue nyuma ya aliyegongwa, kwa sababu wachezaji wataanza kugonga watu ili kumpitisha aliyerushwa hadi ukingoni na kukwepa mpaka wa umbali. Kama miraba yote inayomzunguka imejaa, mrusho kwa mlengwa huyo hauruhusiwi tangu mwanzo, chagua mwingine.

Na akikosa, yaani aliyelengwa amejinusuru, aliyerushwa anaendelea mraba mmoja nyuma yake kama uko wazi na uko ndani ya umbali. Usipokuwa wazi, anatua mbele. Madhara yake mwenyewe yako palepale.